Kipanya Kikae Mkononi mwa Mtoto: Jinsi ya Kufundisha Kompyuta Shule ya Msingi

Kuna somo la kompyuta ambalo wengi wetu tumewahi kulikalia. Mwalimu anachora mashine ubaoni, anaandika pembeni "skrini, kibodi, kipanya, printa", watoto wananakili. Wiki inayofuata wanakariri tofauti ya kumbukumbu ya muda na kumbukumbu ya kudumu. Mtihani unafika, mtoto anapata alama 80, na bado hawezi kuhifadhi kazi yake mahali atakapoipata kesho.

Mwongozo huu ni wa mwalimu au mzazi anayetaka kupita njia nyingine na watoto wa miaka 6 hadi 13. Si lazima uwe mtaalamu. Inatosha kuwa hatua chache mbele ya watoto, na kuwa na kanuni moja usiyoivunja: mkono wako haugusi kipanya cha mtoto. Onyesha kwa kidole, uliza, chora ubaoni, lakini usibofye kwa niaba yake. Mimi nimeivunja mara nyingi kwa haraka ya kumaliza kipindi, na karibu kila mara mtoto aliniita tena kwa tatizo lile lile dakika kumi baadaye.

Hatua ya 1: Kagua mashine kabla ya kupanga somo

Tenga saa moja ukiwa peke yako. Washa kompyuta moja baada ya nyingine, uandike daftarini: inawaka au haiwaki, inachukua dakika ngapi hadi iwe tayari, kibodi ina vitufe vilivyokufa au haina, kipanya kinakwenda sawasawa au kinarukaruka. Bandika namba kwenye kila mashine na uitumie namba hiyo daftarini. Fundi akija, "namba 7 haisomi kibodi" itamfaa kuliko "ile ya dirishani ina shida". Mashine inayochukua dakika 8 kuwaka inameza karibu robo ya kipindi cha dakika 35, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuwashwa kabla kengele haijalia.

Sakinisha mapema kila programu utakayoihitaji, na uchague zinazofanya kazi bila intaneti. Scratch, ambayo mtoto huandikia programu kwa kuunganisha bloku za maelekezo, ina toleo la kusakinishwa kwenye kompyuta. Kiwix inakuwezesha kupakua Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, ukaisoma bila mtandao. Panga kila kipindi kana kwamba mtandao haupo. Ukipatikana, ni ziada. Kisha wafungulie wanafunzi akaunti isiyo na mamlaka ya kusakinisha wala kufuta programu. Usipofanya hivyo, haitachukua muda utakuta lugha ya mashine imegeuzwa na nusu ya aikoni hazipo. Huo si ukorofi, ni udadisi, ila utakula vipindi vyako.

Sasa hesabu watoto. Ukiwa na watoto 40 na kompyuta 10, usiwaweke wanne wanne. Wawili watafanya kazi, wa tatu atachungulia, wa nne atatafuta ugomvi. Gawa darasa katikati: 20 wakae wawili wawili kwenye mashine, 20 wafanye kazi ya karatasi inayohusu jambo lile lile, kisha wabadilishane nusu ya kipindi. Ukiwa na kompyuta moja tu na projekta, mtoto mmoja anashika kipanya na darasa zima linampa maelekezo, naye haruhusiwi kufanya lolote ambalo hakuambiwa. Zoezi hilo ni zuri kiasi kwamba hata mwenye mashine za kutosha hapaswi kulikosa.

Hatua ya 2: Wiki za mwanzo, fundisha bila kompyuta

Watoto watanung'unika. Waache wanung'unike. Kiini cha somo hili ni kutoa maelekezo yasiyo na utata kwa kitu kisichojua lolote, na jambo hilo linaeleweka vizuri zaidi mashine ikiwa imezimwa.

Anza wewe ukiwa roboti. Simama katikati ya darasa, waambie kazi yao ni kukutoa nje ya mlango kwa maneno tu. Mmoja atasema "nenda mlangoni". Usisogee: roboti haijui "mlangoni" ni wapi. Mwingine atasema "tembea". Tembea, na uendelee kutembea hadi ugonge ukuta, kisha uendelee kukanyaga pale pale. Watacheka sana, na ndani ya kicheko hicho kuna mtoto atakayepaza sauti: "Hatujamwambia asimame!" Hapo ndipo pa kuandika ubaoni neno *algorithimu*: hatua zilizo wazi, zenye mpangilio, zenye mwisho.

Zoezi la pili ni la wawili waliopeana migongo. Mmoja ana mchoro mdogo kwenye karatasi ya miraba, mwenzake ana karatasi tupu. Mwenye mchoro anaeleza, mwenzake anachora bila kuuliza swali. Wakimaliza wanalinganisha. Rudieni mara ya pili huku maswali yakiruhusiwa, halafu jadilini kwa nini mara ya pili ilikwenda vizuri na kwa nini kompyuta haiwezi kuuliza maswali ya namna hiyo.

Kwa watoto wa miaka 9 na kuendelea, tengeneza kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wasimame mbele kwa mpangilio huo, kadi ya 16 ikiwa kushoto kwa wanaotazama. Kadi ikionyeshwa ni 1, ikigeuzwa ni 0. Waombe watengeneze 21. Baada ya kubishana watapata 16, 4 na 1, yaani 10101. Uliza namba kubwa kabisa wanayoweza kuifikia. Ni 31, nayo inatosha kuipa kila herufi ya alfabeti namba yake na nyingine zikabaki. Sasa wanaweza kuandikiana barua za siri kwa sifuri na moja, na utaona karatasi zikizunguka darasani hata katika somo la hisabati.

Kuna mchezo mmoja ninaoupenda kuliko yote. Mpe mtoto kadi zenye rangi upande mmoja, azipange ovyo kwenye mraba wa 5 kwa 5, nyingine zikionyesha rangi na nyingine zikiwa nyeupe. Jifanye unaongeza ugumu kidogo: ongeza safu moja upande na safu moja chini. Kwa siri, kila kadi unayoiongeza inafanya idadi ya kadi zenye rangi katika safu yake iwe shufwa. Geuka nyuma, mtoto ageuze kadi moja tu. Ukitazama tena, tafuta mstari wa kulala wenye idadi witiri na mstari wa kusimama wenye idadi witiri. Mistari hiyo inapokutana ndipo ilipo kadi iliyogeuzwa. Watadhani una uchawi. Waache wahangaike na siri yako hata siku mbili. Ukiwafunulia, waambie kwamba kompyuta hutumia wazo la jamaa moja na hilo kugundua kwamba data imeharibika njiani.

Mazoezi ya aina hii yalikusanywa na walimu wa sayansi ya kompyuta akiwemo Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, chini ya jina Computer Science Unplugged, na yanatolewa bure.

Hatua ya 3: Zoesha mikono

Hapa usikae muda mrefu. Kubofya, kubofya mara mbili, kuburuta na kuachia hujifunzwa haraka kwa programu ya kuchora: mtoto achore nyumba, ajaze rangi, aihamishe jua kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa kibodi, waonyeshe vijinundu viwili vilivyo juu ya vitufe vya F na J. Hapo ndipo vidole vya shahada hukaa bila kutazama. Dakika kumi mwanzoni mwa kila kipindi zinatosha. Kipindi kizima cha kuchapa huua hamu.

Jambo linalostahili muda ni faili. Watoto wengi wamezoea simu, na kwenye simu picha hujihifadhi yenyewe. Hawajawahi kujiuliza kitu kiko wapi. Kwa hiyo usiseme "hifadhi" kama neno la kawaida, lifanyie zoezi. Kila mtoto afungue folda yenye jina lake, na kila faili lipewe jina linaloeleza kilichomo: "mchoro_nyumba_2", si "aaaaaa". Halafu wafunge kila kitu, wazime mashine, waiwashe, na kila mmoja alitafute faili lake. Atakayelikosa hajafeli, amegundua kwamba hajui alikoliweka, na wiki ijayo atatazama vizuri kabla ya kubofya.

Wafundishe mapema vitufe viwili vya pamoja: Ctrl na S kwa kuhifadhi, Ctrl na Z kwa kutendua. Cha pili kina thamani kubwa zaidi kuliko kinavyoonekana. Mtoto anayejua kwamba kosa linafutika hujaribu mambo ambayo mwoga hajaribu.

Watazame wanavyokaa. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ahamishiwe kipanya upande wake, usimlazimishe. Asiyeona vizuri akuziwe maandishi au abadilishiwe skrini iwe ya rangi zinazopingana sana. Mipangilio hiyo imo ndani ya kompyuta karibu zote. Asiyeweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja kuna mpangilio unaomruhusu kubonyeza kimoja baada ya kingine.

Hatua ya 4: Wawili kwenye mashine moja, kila mmoja na kazi yake

Mmoja ni dereva: anashika kipanya na kibodi. Mwingine ni mwelekezi: anasoma, anafikiri mbele, anasema kifanyike nini. Mwelekezi haruhusiwi kugusa mashine, na dereva haruhusiwi kwenda kivyake. Kila baada ya dakika tano, piga makofi, wabadilishane. Tumia saa ya kweli, usikisie, kwa sababu mtoto mwenye sauti kubwa kila mara huona dakika zake hazijaisha.

Chunga jambo moja. Msichana na mvulana wakikaa pamoja bila mpangilio, mara nyingi nimemwona mvulana amekishika kipanya na msichana akigeuzwa mwandishi wa daftari. Mwenye kompyuta nyumbani naye humfanyia hivyo asiyekuwa nayo. Kubadilishana kwa saa kunazuia hilo bila mahubiri.

Hatua ya 5: Programu ya kwanza

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 7 kuna ScratchJr, inayotumika kwenye kishikwambi. Bloku zake ni picha, kwa hiyo mtoto asiyesoma bado anaweza kumwendesha paka wa kwenye skrini mbele na kumrudisha nyuma. Kuanzia miaka 8 tumia Scratch yenyewe, iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya chuo cha MIT huko Marekani. Ni ya bure, na unaweza kubadilisha lugha yake iwe Kiswahili.

Usianze kwa "tengenezeni mchezo mnaoutaka". Watakaa wakibadilisha rangi za paka hadi kengele ilie. Anza kwa programu fupi uliyoiandika wewe, na uwapitishe hivi: wasome bloku, waandike kwenye karatasi wanachokisia kitatokea, waiendeshe, wajadili kwa nini kilichotokea ni tofauti na walichokisia, wabadilishe kitu kimoja, ndipo watengeneze cha kwao. Kukisia kabla ya kuendesha ndiko kunakochosha mwanzoni, na ndiko kunakomfanya mtoto asome msimbo, yaani maelekezo ya programu, badala ya kubahatisha.

Mfano mzuri wa kuanzia ni kuchora mraba. Kwenye Scratch, bloku za kalamu hazionekani hadi uziongeze kupitia kitufe cha viongezi kilicho chini kushoto. Programu ni hii: shusha kalamu, rudia mara 4: sogea hatua 100, geuka digrii 90. Kabla ya kuiendesha, mtoto mmoja aitembee sakafuni huku wenzake wakimsomea. Wazo hili la kutembea umbo kwa mwili wako ni la zamani: lugha ya Logo, iliyoanza mwaka 1967 kwa kazi ya Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig, baadaye ilipata kasa, roboti mdogo wa sakafuni aliyekwenda na kugeuka kwa amri za watoto. Mtoto akikwama alijiweka mahali pa kasa.

Baada ya mraba, waombe pembetatu yenye pande sawa. Hapa tulia, usiseme neno. Wamefundishwa kwenye hisabati kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ina digrii 60, kwa hiyo wataandika: rudia mara 3, sogea 100, geuka 60. Mstari unatoka, unajikunja, unaishia hewani. Hawajapata pembetatu, wamepata nusu ya umbo la pande sita. Darasa litakugeukia. Usiwaambie jibu. Mrudishe mtoto sakafuni, atembee upande mmoja, asimame kwenye kona, na muulize: "Umegeuka kiasi gani ili uelekee upande wa pili?" Atagundua kwamba anageuka zaidi ya robo ya mzunguko. Pembe ya ndani ni 60, lakini anachogeuka ni kilichobaki hadi 180, yaani 120.

Kisha acha wajaze jedwali: pande 3, geuka 120; pande 4, geuka 90; pande 5, geuka 72; pande 6, geuka 60. Mtoto mmoja ataona kwamba ukizidisha namba mbili za kila mstari unapata 360. Ikitokea hivyo, mpishe mbele awaeleze wenzake. Mwingine atajaribu pande 360 na kugeuka digrii 1, akiwa na hatua 1 badala ya 100, na atapata kitu ambacho kwa macho ni duara. Kipindi cha namna hii kimefundisha hisabati na kompyuta kwa wakati mmoja, na hukutumia hata ukurasa mmoja wa kunakili.

Baada ya hapo ingia kwenye masharti ("ikiwa hivi, fanya vile"), halafu kigeu, ambacho ni kisanduku chenye jina kinachotunza thamani, kama alama za mchezo. Mchezo wa kukamata vitu vinavyoanguka una vyote vitatu: kitanzi (bloku ya kurudia), sharti na kigeu. Watoto wa miaka 11 na zaidi waliochoka na bloku unaweza kuwapeleka kwenye lugha ya programu ya Python, ambayo huja na moduli ya kuchora inayofuata mtindo ule ule wa kasa. Mraba walioujua kwa bloku watauandika upya kwa maneno, na mshtuko wa lugha mpya utapungua kwa sababu wazo si jipya.

Ukiwa na vifaa, kuna pia micro:bit, kibao kidogo cha kompyuta kilichotolewa na BBC mwaka 2016 kikiwa na taa 25 na vitufe viwili. Bila kibao, kihariri chake, yaani programu ya kukiandikia maelekezo, kinaonyesha kibao cha mfano kwenye skrini, kwa hiyo usikikose kwa sababu ya vifaa tu.

Hatua ya 6: Jifunze makosa yao kabla hawajayafanya

Makosa ya watoto kwenye Scratch hujirudia. Ukiyajua manne haya, utakuwa umejiandaa kwa sehemu kubwa ya mikono itakayoinuliwa.

Paka anagonga ukingo wa skrini, anarudi akiwa kichwa chini. Hajaharibika. Amegeuka digrii 180 kama alivyoambiwa. Dawa ni kubadilisha aina ya mgeuko iwe kushoto na kulia tu.

Programu ilifanya kazi mara ya kwanza, mara ya pili inaanzia pabaya. Paka ameanzia pale alipoishia. Kila programu lazima ianze kwa kuweka mambo mahali pake: nenda katikati, elekea kulia, alama ziwe sifuri. Jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na kimo cha 360, na katikati yake ni sifuri na sifuri. Chora ramani hiyo ukutani ibaki muhula mzima.

Sharti halifanyi kazi. "Ikiwa unagusa mpira, ongeza alama" limewekwa peke yake, bila kitanzi. Kompyuta imeangalia mara moja, sekunde ya kwanza, ikakuta hakuna mguso, ikaendelea na yake. Mwambie mtoto asimame, akuulize mara moja tu kama mvua inanyesha, halafu asiulize tena siku nzima. Ataelewa.

Alama zinaruka kutoka 0 hadi 30 kwa mguso mmoja. Hili ni kinyume cha lile la juu: kitanzi kinaangalia mara nyingi kwa sekunde, na kila mara mguso bado upo. Kitu kikishakamatwa kihamishwe, au programu isubiri kidogo.

Mtoto akikuita, uliza maswali matatu kwa mpangilio huu: Ulitaka nini kitokee? Ni nini kimetokea? Ni bloku ipi ya mwisho kufanya kazi sawasawa? Mara nyingi jibu litamjia akiwa kwenye swali la pili. Nimeona madarasa yenye mdoli mezani: kabla ya kumwita mwalimu, mtoto anamweleza mdoli tatizo lake kwa sauti. Linaonekana jambo la kitoto, na waandishi wa programu watu wazima hulifanya.

Wasimulie pia kisa cha nondo. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta iitwayo Harvard Mark II walimkuta nondo amenaswa kwenye swichi ya mashine. Walimbandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba ndilo dudu la kwanza la kweli kupatikana, kwa sababu tayari wakati huo mafundi waliita hitilafu "dudu" (kwa Kiingereza, bug). Ukutani tengeneza "ukurasa wa nondo": kila mtoto anayepata na kurekebisha hitilafu anaiandika pale kwa jina lake.

Hatua ya 7: Usalama, na kutafuta habari

Usalama ufundishwe kwa mazoezi. Mhadhara wa kuwatisha watoto huwafundisha kuficha.

Kwa nywila, wafundishe kuunganisha maneno manne yasiyohusiana, kama ngazi, kiatu, mwezi na kimya, badala ya jina na mwaka wa kuzaliwa. Waambie huo ni mfano tu, kwa sababu kesho utakuta nusu ya darasa wameutumia. Nywila haiambiwi rafiki; huambiwa mzazi au mlezi.

Kwa taarifa binafsi, wape picha uliyoitengeneza mwenyewe: mtoto wa kuchora, beji ya shule kifuani, namba ya nyumba nyuma yake, saa ukutani. Waandike kila kitu ambacho mgeni angeweza kukijua. Orodha huwa ndefu kuliko mwalimu alivyotarajia.

Wakikutana na kitu kinachowatisha au mtu anayewaomba picha au siri, hatua ni tatu: acha, geuza skrini, mwite mtu mzima. Sisitiza kwamba hawataadhibiwa kwa kusema, na utimize ahadi hiyo. Ukimnyang'anya kifaa mtoto aliyekuja kuripoti, hataripoti tena, wala wenzake.

Huduma nyingi za mtandao zinataka mtumiaji awe na miaka 13, sababu mojawapo ikiwa sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya umri huo. Usiwafungulie watoto akaunti kwa kudanganya mwaka wa kuzaliwa. Ni somo baya la kwanza la uaminifu mtandaoni, na programu ulizosakinisha hazihitaji akaunti.

Katika kutafuta habari, mpe kila kikundi swali moja na uwatake walete majibu kutoka sehemu mbili tofauti, pamoja na nani ameandika na lini. Yakipingana, ndiyo mjadala wa kipindi. Akili mnemba iingie hapa hapa. Waeleze kwamba programu za kuzungumza nazo huunda sentensi kwa kukadiria neno linalofuata kutokana na maandishi mengi zilizojifunza, na zinaweza kusema jambo lisilo kweli kwa lugha iliyonyooka kabisa. Ukipata intaneti, tumia Teachable Machine ya Google: ifundishe kutofautisha kalamu na mkasi kupitia kamera, lakini kwa makusudi tumia kalamu nyekundu tu. Kisha ionyeshe ya bluu. Ikikosea, waulize watoto kosa ni la nani.

Hatua ya 8: Pima kwa kuongea nao

Mtihani wa kuchagua A, B, C au D hauoni kilichojengwa katika hatua hizi. Tunza folda ya kila mtoto, yenye kazi za mwanzo na za mwisho wa muhula. Mpe programu yenye hitilafu uliyoipanda mwenyewe airekebishe. Halafu kaa naye dakika tano, afungue programu aliyoiandika, na muulize kuhusu bloku moja moja. Aliyenakili kwa mwenzake atajulikana bila kuaibishwa, kwa sababu hataweza kueleza, na hapo unajua wa kumrudia.

Maliza kwa kuonyesha namba moja katika msimbo wake na kuuliza: "Hii 4 nikiifanya 5, nini kitatokea?" Mwache akisie kwanza kwa sauti, ndipo aibadilishe mwenyewe na kuiendesha. Akikosea katika kukisia, lakini akaweza kukuambia kwa nini alikosea, mpe alama zote za swali hilo.